Kitambaa cha Sita

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Bisibisi aliingia nyumbani kwao kutoka shuleni, akatundika mkoba wake nyuma ya mlango, akavua sare na kuvaa ovaroli kuukuu la baba yake, lile lililokunjwa miguuni mara nne. Mama yake hakumruhusu kutoka kabla hajala, basi alikula upesi upesi huku akichungulia uani kupitia dirisha la jikoni. Huko uani, juu ya magogo manne ya mbao ngumu, palikuwa na pikapu ya baba ikimsubiri.

Jina lake halisi lilitumiwa na walimu tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Bisibisi, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa sababu tangu utotoni hakuna kitu chenye skrubu kilichosalimika mbele yake. Aliwahi kufungua redio, saa ya ukutani, na siku moja mlango wa kabati, ambao ulimwangukia kichwani. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa amepata kitu kikubwa zaidi cha kufungua.

Pikapu ile waliiita Kobe. Ilikuwa kuukuu kuliko Bisibisi, tena kwa miaka mingi. Baba yake alikuwa seremala, na Kobe ndiye aliyebeba mbao zake, vitanda vyake na madawati yake. Mwaka ule injini ilikufa mlimani. Ilitoa moshi, ikapiga kelele kama sufuria iliyojaa kokoto, ikanyamaza kabisa. Baba hakukata tamaa. Alitafuta injini nyingine kwenye uwanja wa magari yaliyobomolewa, akaileta nyumbani kwa mkokoteni, akasema, "Tutamfufua hapa hapa uani."

Fundi wa kumfufua Kobe alikuwemo humo humo nyumbani. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa fundi wa magari katika karakana ya idara ya maji kwa miaka kumi na minane. Bahati mbaya alikuwa ameteleza kwenye ngazi, akavunjika mkono wa kulia, na sasa mkono huo ulikuwa ndani ya plasta nyeupe kama mhogo uliomenywa.

"Mimi nitakuwa macho na mdomo," Shangazi alimwambia Bisibisi siku ya kwanza. "Wewe utakuwa mikono. Mdomo wangu una nguvu, usijali."

Basi wakaanza. Bisibisi alilala chini ya gari, kutu ikimdondokea machoni, akafungua nati moja baada ya nyingine kama Shangazi alivyomwelekeza. Alibandika karatasi yenye namba kwenye kila waya. Alikwangua kutu kwenye milango na kuipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye karakana ya baba. Vidole vyake vilichubuka, kucha zake zikawa nyeusi hata mwalimu wake akamuuliza kama anachoma makaa.

Msaidizi wao alikuwa baba mdogo. Huyu aliuza vifuniko na chaja za simu, na majirani walimwita Injinia. Hakuwahi kusomea uinjinia. Walimwita hivyo kwa sababu hakukuwa na jambo chini ya jua asilolijua. Kusema kweli alikuwa na nguvu. Siku ya kuing'oa injini ya zamani, yeye na baba ndio waliovuta mnyororo kwenye fremu ya mbao nene mpaka chuma kile kizito kikaning'inia hewani kama mbuzi buchani. Hakuna aliyemnyima sifa hiyo. Tatizo ni kwamba alizitaka na nyingine zote.

"Injinia, kazi inakwendaje?" jirani yao mshonaji aliuliza alasiri moja, akiwa ameegemea ukuta.

"Tunapambana, mama," baba mdogo alijibu, akijifuta jasho ambalo halikuwepo. "Giaboksi nimeshaifungua, nyaya zote nimeshazipanga. Imebaki kusafisha injini mpya tu."

Bisibisi, aliyekuwa chini ya gari, alijitokeza na uso mweusi tii. "Nyaya nimepanga mimi," alisema.

Baba mdogo akacheka. "Huyu ananishikia spana. Mtoto mzuri sana, ana bidii."

Mshonaji naye akacheka, akasema watoto wa siku hizi wana maneno, akaenda zake. Bisibisi alipigapiga spana kwenye kiganja chake. Ananishikia spana! Nati kumi na moja za giaboksi alikuwa amezifungua yeye, kwa mikono yake miwili, kwa siku tatu, huku baba mdogo akiwa kwenye kiti anaongea na simu.

Akarudi kazini amefura. Kazi ya siku ile ilikuwa kusafisha injini mpya kwa chini. Injini ilikuwa imegeuzwa juu ya meza ya useremala, na sampu, yaani lile bakuli la chuma linalotunza oili, ilikuwa imefunguliwa. Bisibisi aliiosha mpaka ikang'aa. Sasa alipaswa kukwangua gundi ya zamani kwenye ukingo wa injini. Ili uchafu usiingie ndani, alisokomeza vitambaa kwenye uwazi, kama Shangazi alivyomfundisha. Na kuhusu vitambaa Shangazi alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia kila siku kama mtu anayefundisha sala: "Viingie kwa hesabu, vitoke kwa hesabu."

Bisibisi alikuwa amekata fulana ya zamani vipande sita. Alikwangua kwa nguvu, na kila alipokwangua aliona uso wa baba mdogo ukicheka. Ananishikia spana! Kwaru! Mtoto mzuri! Kwaru!

"Fanya haraka bwana," baba mdogo alimwita. "Nataka kuifunga sampu kabla sijaenda mjini."

"Si umesema umefanya kila kitu wewe?" Bisibisi alijibu kwa sauti ya chini.

"Unasemaje?"

"Hakuna kitu."

Alivuta vitambaa, akavitupa kwenye ndoo. Baba mdogo alishaanza kupaka gundi mpya. Sampu ikafungwa, nati zikakazwa, injini ikageuzwa. Ndipo Bisibisi alipokwenda kufua vitambaa vyake, akavihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Alihesabu tena. Vitano. Alitazama chini ya meza, nyuma ya ndoo, ndani ya mifuko ya ovaroli. Hakuna. Kufungua tena kulimaanisha kumwita baba mdogo na kumwambia kwamba yeye, Bisibisi, amekosea. Baba mdogo angepata cha kusimulia mtaa mzima kwa mwaka mmoja. Upepo ulikuwa ukivuma kidogo uani, ukipeperusha maranda. Bisibisi akajiambia kwamba kitambaa kimepeperushwa. Alijiambia hivyo mara nyingi mpaka ikakaribia kuwa kweli.

Jioni Shangazi, ambaye mkono ulikuwa umemuuma akajilaza, alitoka chumbani na kuuliza, "Vitambaa vimetimia?"

"Vimetimia, Shangazi."

"Mikono yangu mizuri," Shangazi alisema, akampapasa kichwani.

Juma lililofuata injini iliingizwa ndani ya Kobe. Haikuwa kazi ya mchezo, maana injini ile ilitoka kwenye gari la miaka ya karibuni zaidi, na miguu yake haikulingana na mahali pake. Baba alipima kwa vipande vya plaiwudi kama anavyopima droo, akampelekea mchomeleaji, naye akakata vyuma vya kufanana na vipande vile. Siku injini ilipokaa sawasawa juu ya mipira yake ya kuizuia isitikisike, baba alimbeba Bisibisi mabegani akazunguka naye uani, mpaka mama akapiga kelele kwamba ovaroli linamchafua baba shati.

Ilibaki kuwasha. Shangazi alitakiwa kwenda hospitali siku ya Jumamosi kutolewa plasta, na angelala kwa rafiki yake kwa kuwa hospitali ilikuwa mbali. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya boneti, akainua kidole.

"Nisikilizeni. Mkishindwa kunisubiri, washeni. Lakini kuna taa moja nyekundu kwenye dashibodi, ina picha ya birika. Hiyo ni taa ya oili. Ukiwasha gari itazimika. Ikiwaka tena wakati injini inaunguruma, zima papo hapo. Usiulize, usifikiri, zima. Maana yake damu ya injini imekwama."

"Dada, mimi si mtoto," baba mdogo alisema.

"Najua. Mtoto ningemwambia mara moja tu."

Ilipofika saa nne asubuhi baba mdogo alikuwa ameshindwa kusubiri. Aliwaita majirani. Mshonaji alikuja na wateja wake wawili. Baba alikuwa karakana akimalizia madawati, kwa hiyo baba mdogo akaketi kwenye usukani, na Bisibisi akaketi pembeni yake. Ufunguo ukazungushwa. Stata ikalia, ikalia, kisha injini ikakohoa na kuwaka. Kobe akatetemeka mwili mzima. Watu wakapiga makofi.

"Injinia! Injinia!" mshonaji alishangilia.

Taa ya birika ilikuwa imezimika. Bisibisi alisahau hasira zake zote. Sauti ile ilikuwa tamu kuliko wimbo. Lakini baada ya dakika kama kumi, sauti ikabadilika. Ndani ya injini kitu kilianza kugonga, tak, tak, tak, na taa nyekundu ikawaka.

"Baba mdogo, taa!"

"Naiona."

"Zima! Shangazi amesema tuzime!"

Baba mdogo aliwatazama watu waliokuwa bado wanatabasamu, kisha akazima injini polepole, kama mtu aliyekuwa amepanga kuizima. "Inatosha kwa leo, jamani! Injini ngeni lazima izoee." Watu walipoanza kutawanyika, aliinama chini ya dashibodi, akapapasa nyuma yake, akavuta kitu. Kilikuwa balbu ndogo kama punje ya mahindi. Akaitia mfukoni mwa shati.

Bisibisi alimkodolea macho. "Unafanya nini?"

"Waya ni mbovu. Taa inatudanganya. Usimwambie baba yako, utamtia wasiwasi bure. Kesho anapeleka madawati, amewaahidi watu."

"Lakini injini ilikuwa inagonga!"

"Wewe unajua nini kuhusu kugonga? Umezaliwa lini?" Baba mdogo alishuka, akafunga mlango, akaenda kupokea pongezi zake.

Bisibisi aliketi akitazama dashibodi. Huu haukuwa tena mchezo wa nani alifungua nati. Kobe angebeba madawati ishirini na manne, ateremke mteremko mrefu wa kwenda darajani, na baba yake angekuwa ndani. Injini ikikosa oili hukwama ghafla. Shangazi alikuwa amemweleza hayo mara nyingi. Na mtu mzima, baba yake mdogo, amechukua balbu akaitia mfukoni ili asiaibike mbele ya mshonaji!

Alikimbia mpaka karakana. Baba alikuwa akipiga msasa.

"Baba, usipande gari kesho. Taa ya oili imewaka, na baba mdogo ameing'oa!"

Baba aliacha msasa, akamwita mdogo wake. Baba mdogo alikuja akicheka, na alipoulizwa alizidi kucheka. "Kaka, huyu mtoto ana kinyongo na mimi tangu siku ile ya mama mshonaji. Taa haina neno. Tena nikuulize, sampu aliosha nani? Si yeye? Kama injini ina dosari, basi yeye ndiye wa kuulizwa."

Bisibisi alifungua mdomo, akaufunga. Kitambaa cha sita kilimpita kichwani kama panya chumbani. Baba aliona ule ukimya akauelewa vibaya.

"Baba yako mdogo ameacha biashara yake wiki tatu kwa ajili yetu," baba alisema. "Malipo yake ndiyo haya, kumwita mwongo? Muombe radhi."

"Baba!"

"Muombe radhi, nimesema."

"Nisamehe, baba mdogo." Maneno yale yalimtoka kama misumari inayong'olewa kwenye mbao ngumu. Baba mdogo alisema yamekwisha, akampigapiga begani, na mkono ule ulimchoma kama kaa la moto. Mama alipomuuliza ana nini, alisema hana kitu, na chakula alikiona kama maranda.

Asubuhi ya Jumapili madawati yalipakiwa na kufungwa kwa kamba. Yalikuwa ya shule moja ng'ambo ya daraja, iliyojenga darasa jipya, na watoto wa darasa hilo wangeanza kulitumia Jumatatu. Baba mdogo aliketi kwenye usukani. Baba alikuwa ameshika mlango ili apande. Ndipo wakaona Bisibisi amesimama mbele ya Kobe, viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Toka hapo," baba mdogo alisema.

"Sitoki."

"Bisibisi," baba aliita kwa sauti nzito, "unataka nini?"

"Nataka gari lisiondoke! Mniadhibu, mnichape, mnifungie ndani, lakini lisiondoke! Jana nimeomba radhi kwa kosa ambalo silo langu. Leo siombi tena!"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mshonaji alitokeza kichwa juu ya ukuta. Baba alikuwa anakaribia kumshika mkono amwondoe, na hapo lango likasukumwa. Shangazi aliingia. Mkono wake ulikuwa nje ya plasta, mwembamba na mweupe kwa ukavu.

"Kulikoni? Kelele zenu nimezisikia tangu dukani."

"Shikamoo, Shangazi. Taa ya oili imewaka, injini inagonga, na baba mdogo ameficha balbu!"

"Marahaba. Subiri. Polepole."

"Dada, usimsikilize," baba mdogo alidakia. "Taa iliwaka kidogo tu. Ni waya."

Shangazi alifikiri. Alimtazama baba mdogo, akaitazama injini, kisha akamtazama Bisibisi kwa upole. "Injini ile tuliisafisha vizuri. Pampu ya oili niliikagua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ni nzima. Chujio lake safi. Vitambaa vilitimia, wewe mwenyewe uliniambia, na neno lako naliamini. Kwa hiyo ndani hakuna cha kuzuia oili. Injini iliyolala muda mrefu nayo hugonga kidogo. Huenda kweli ni waya, mwanangu."

Baba mdogo alishusha pumzi. Baba akaweka mguu kwenye ngazi ya gari.

Bisibisi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Tangu jana alikuwa akilalamika kwamba anasingiziwa, anaonewa, hasikilizwi. Kumbe uongo uliokuwa unamwezesha baba yake kupanda gari lile ulikuwa wake mwenyewe. Shangazi alikuwa amemwamini, na kwa kumwamini alikuwa anamruhusu Kobe aende.

"Havikutimia," alisema.

"Nini?"

"Vitambaa havikutimia, Shangazi! Viliingia sita, vikatoka vitano. Nilikuwa na hasira, sikuhesabu kabla sampu haijafungwa. Baadaye nilihesabu nikajua, nikanyamaza. Nilikudanganya. Kitambaa kimo ndani." Machozi yalimtoka, lakini viganja havikutoka kwenye boneti. "Na balbu nayo imeng'olewa! Hiyo nayo ni kweli!"

Shangazi alimwashiria baba mdogo ashuke, akaingia yeye, akazungusha ufunguo nusu bila kuwasha injini.

"Njoo uone," alimwita baba. "Ufunguo ukiwa hapa, kabla ya kuwasha, taa zote za hatari lazima ziwake. Ile ya betri unaiona?"

"Naiona."

"Ile ya birika?"

Baba aliinama, akatazama. Mahali pa birika palikuwa peusi. Aligeuka polepole kumtazama mdogo wake. Baba mdogo alitazama viatu vyake, kisha akaingiza vidole mfukoni mwa shati na kutoa balbu.

"Nilidhani ni waya," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuisikia. "Watu walikuwa wanatazama."

"Watu walikuwa wanatazama!" Baba alirudia, na sasa ghadhabu ilikuwa yake. "Mimi ningekuwa kwenye ule mteremko na madawati ishirini na manne mgongoni! Jana umemfanya mtoto wangu akuombe radhi, na wewe balbu iko mfukoni!" Kisha akamgeukia Bisibisi. "Na wewe! Siku zote hizi unajua!"

Bisibisi aliinamisha kichwa. Ilimuuma kuwekwa kwenye kapu moja na baba mdogo, lakini alijua kapu lile analistahili.

Madawati yakashushwa, injini ikanyanyuliwa kidogo kwa mnyororo, sampu ikafunguliwa. Shangazi mwenyewe aliingia chini, licha ya mkono wake dhaifu, akatoka na kitu kilichokuwa kimeganda kwenye chujio la oili kama popo mweusi. Kilikuwa kitambaa. Aliingia tena na tochi, akakaa huko muda mrefu.

"Vyuma vimekwaruzika kidogo," hatimaye Shangazi alisema kutoka chini. "Havijafa. Dakika chache zaidi na tungekuwa tunatafuta injini ya tatu, kama si jeneza."

Walisafisha, wakafunga upya. Safari hii nati zote za sampu alizikaza Bisibisi, na baba mdogo ndiye aliyeshika tochi. Nati ya mwisho ilipokazwa alisema, "Jana niliipokea radhi yako, na haikuwa haki yangu. Ni mimi ninayepaswa kukuomba." Hasira ya Bisibisi haikuwa imekwisha, na hakutaka kujifanya. Alisema tu, "Nimesikia, baba mdogo," akaendelea kukusanya spana.

Gundi ya sampu ilihitaji kukauka hadi kesho yake. Kwa hiyo Jumatatu watoto wa darasa jipya walikaa sakafuni siku nzima. Alasiri, Bisibisi aliporudi kutoka shuleni, Kobe aliwashwa. Taa ya birika iliwaka, ikazimika, ikabaki imezimika. Waliondoka wanne, baba kwenye usukani, Shangazi na Bisibisi wamebanana pembeni, na baba mdogo nyuma juu ya madawati. Kobe aliteremka mteremko kwa utulivu, akavuka daraja, akaingia shuleni.

Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye miwani, alikuwa akiwasubiri barazani. Hakuwa na furaha. "Tuliahidiana jana, fundi. Watoto wangu wamechafua sare mpya leo."

"Samahani sana, mwalimu. Unajua barabara..." Baba alianza. Alimwona Bisibisi akimtazama. Alikohoa. "Hapana, si barabara. Gari lilikuwa na kosa, na kosa tulilifanya sisi wenyewe, nyumbani kwetu. Tulichelewa kwa sababu tulikuwa tunalirekebisha."

Mwalimu mkuu alimtazama juu ya miwani. "Nimefanya kazi na mafundi wengi," alisema. "Nimesikia habari za mvua, za misiba, za wajomba waliolazwa. Hili sijawahi kulisikia." Kisha akafungua mlango wa darasa waingize madawati.

Njiani wakati wa kurudi, Bisibisi alivumilia mpaka wakavuka daraja, kisha akashindwa.

"Shangazi, bado naona nimeonewa. Baba mdogo alijisifu kwa kazi yangu, akaficha taa, akanisingizia. Nilikuwa na haki ya kukasirika!"

"Ulikuwa nayo."

"Sasa mbona nimekaripiwa sawa na yeye?"

"Kwa sababu mlifanya jambo moja. Yeye alificha balbu, wewe ulificha hesabu. Kila mmoja aliogopa kuchekwa. Injini haijali nani alianza. Waswahili walisema mficha ugonjwa, kifo humuumbua, na kifo hicho kilikuwa kinamsubiri baba yako kwenye mteremko huu huu." Shangazi alinyoosha mkono wake dhaifu, akaukunja, akaunyoosha tena. "Lakini kuna tofauti moja. Balbu ilitolewa mfukoni baada ya yeye kukamatwa. Wewe ulisema wakati nilipokuwa nimekwisha kukuamini, na hakuna ambaye angejua. Hilo sitalisahau."

Bisibisi alimgeukia. "Kwa hiyo siku nyingine nisikasirike?"

"Kasirika!" Shangazi alisema, na baba akacheka akiwa kwenye usukani. "Ukiona uonevu, kasirika sana. Asiyekasirika ataonewa mpaka uzeeni. Ila hasira isikushike mikono wakati wa kazi, na ukisimama kusema, anza na kosa lako, ndipo useme la mwenzako. Ukifanya hivyo, hakuna mtu mzima wala mtoto atakayeweza kukunyamazisha."